Kopo la Tatu Kutoka Kushoto

"Ni mimi," Fundi alisema kabla hata hajakaa. "Andikeni. Nimechapa mimi, peke yangu, hakuna mwingine."

Mkuu wa kituo alipiga meza kwa furaha mpaka kikombe chake cha chai kikaruka. Siku nne alikuwa akipigiwa simu na wakubwa kuhusu maboksi ya dawa bandia ya homa ya watoto, na sasa mtu amejileta mwenyewe, asubuhi saa nne, akiwa amechomekea shati. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa bado yuko wodini kwa sababu ya kunyweshwa maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Nani hataki kesi kama hiyo iishe?

Inspekta Sindano hakutaka iishe. Jina hilo walimpa wenzake chuoni kwa sababu alikuwa mwembamba na akikuuliza swali lilikuwa lazima likuingie. Alivuta kiti akakaa mbele ya Fundi na kuweka mezani boksi moja lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Boksi lilikuwa limeigwa vizuri sana. Maandishi yalikuwa sawa, namba zilikuwa sawa, hata mikunjo ilikuwa sawa. Kasoro zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni mkwaruzo mwembamba kama unywele uliopita katikati ya maandishi, na mkwaruzo huo ndio uliowafikisha kwenye kiwanda cha uchapaji cha familia ya Fundi, kwenye mashine moja tu ya zamani yenye rola iliyochubuka. Ya pili aliigundua mfamasia mmoja mwenye macho makali. Boksi halisi lina ukanda wa kijani. Hili lilikuwa na ukanda wa kahawia, rangi ya udongo.

"Huu ukanda," Sindano alianza.

"Najua, umetoka kahawia," Fundi alidakia. "Mimi sioni rangi, afande. Nimerithi kwa baba yangu. Mji mzima unajua baba haoni kijani wala nyekundu. Nilidhani nimeweka kijani."

"Umesikia?" Mkuu wa kituo alimkonyeza Sindano. "Baba haoni, mtoto haoni. Mambo yamejipanga yenyewe. Saa nane mchana namfikisha mahakamani, maungamo yake yanasomwa, tunapumua."

Sindano alimtazama Fundi kwa muda. Mtu wa miaka arobaini na tano, mikono mipana yenye wino kwenye kucha, mke na watoto watatu nyumbani. Kama maungamo yale yakisomwa mbele ya hakimu, hakuna atakayeyafuta tena.

"Nani alikwambia umetoka kahawia?" aliuliza polepole.

Fundi alijibu haraka. "Nyie."

Sindano alimgeukia koplo aliyekuwa akiandika pembeni, mtu mnene mwenye upara unaong'aa na mwandiko wa mwalimu. Koplo alipekua karatasi zake mbele na nyuma, kisha akatikisa kichwa. Hakuna aliyemwambia. Mtu asiyeona tofauti ya kijani na kahawia alikuwa ametazama ukanda kwa sekunde mbili na kuitaja rangi yake sawasawa.

"Mkuu, nipe mpaka saa nane."

"Sindano, usinianzie!"

"Saa nane kamili. Nikirudi mikono mitupu, nitamsindikiza mahakamani mwenyewe."

*

Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya wino na mafuta ya taa. Mashine kubwa ilikuwa katikati, ya kukatia karatasi ilikuwa nyuma, na mbele kulikuwa na kaunta ya kupokea wateja. Nyuma ya kaunta alisimama dada yake Fundi, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyefunga kilemba cha njano. Yeye ndiye aliyewapokea polisi tangu siku ya kwanza. Leo macho yake yalikuwa yamevimba.

Mlangoni, juu ya benchi la mbao lililofungwa pande zote kama sanduku, alikaa Mzee mwenyewe, baba yao, mwanzilishi wa kiwanda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunirudishia kijana wangu au umekuja kunichukua na mimi?"

"Nimekuja kujifunza kazi," Sindano alisema, akakaa karibu naye. "Nimesikia umechapa miaka arobaini bila kuona rangi. Uliwezaje?"

Mzee alicheka mpaka meno yake machache yakaonekana yote. Hilo ndilo swali alilolipenda kuliko yote duniani. Alinyoosha fimbo yake kuelekea rafu ya ukutani, ambako makopo tisa ya wino yalikuwa yamepangwa mstari mmoja. Yalikuwa makopo ya maziwa ya zamani, hayana lebo, na nje yote yalikuwa meusi kwa uchafu wa miaka.

"Kwa mpango, mwanangu. Nyeusi ya kwanza kutoka kushoto. Bluu ya pili. Kijani ya tatu. Njano ya nne, nyekundu ya tano, mpaka kahawia ile ya saba. Mke wangu ndiye aliyeniwekea, Mungu amrehemu. Ukichukua kopo, unalirudisha palepale. Aliyehamisha kopo hapa ndani, nilikuwa namtimua siku hiyohiyo, hata awe nani."

"Na Fundi naye hufuata mpango huo?"

"Huyo?" Mzee alipuuza kwa mkono. "Yeye anafunua kifuniko, anachungulia, anachota. Hana adabu ya makopo hata kidogo."

Koplo, aliyekuwa amefuatana naye, aliacha kuandika. Sindano alimkanyaga mguu taratibu ili asiseme kitu, kisha akainuka na kwenda kwenye rafu kana kwamba ananyoosha viungo. Alifunua kopo la kwanza: nyeusi. La pili: bluu. La tatu akalifunua kwa ncha ya kalamu, na alipoona kilichomo alitamani kupiga kelele.

Kahawia.

Kijani ilikuwa kwenye kopo la saba. Sindano alirudisha vifuniko vyote kama vilivyokuwa.

"Dada," alimwita mwanamke wa kaunta kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii rafu ni mpya?"

"Mbao ndiyo mpya. Ya zamani ililiwa na mchwa, seremala akaibadilisha mwezi uliopita."

"Na makopo nani aliyapanga tena?"

"Mimi." Alijibu bila kufikiri, akifuta kaunta ambayo tayari ilikuwa safi. "Niliyapanga tu. Mtu si anaona rangi akifunua?"

"Ni kweli. Funguo za hapa anazo nani?"

"Kaka, mimi, na mwanangu."

Mwanawe alikuwa ametoka kupeleka kadi za harusi kwa mteja. Jina lake la mtaani lilikuwa Smati, miaka ishirini na nane, ana mke, hupenda viatu vilivyong'arishwa, na ndiye anayeshika mashine ya kukatia. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na tangu hapo aliyemlea, aliyemlipia shule na kumfundisha kazi alikuwa mjomba wake, Fundi.

Kabla ya kuondoka, Sindano alimwonyesha yule mama boksi kwenye mfuko wa plastiki. Mama alilitupia jicho mara moja, akaligeuza haraka, upande wa ukanda ukalalia kaunta.

"Nimeshaliona," alisema. "Liondoe tu, afande."

*

Saa sita na nusu daktari wa macho aliingia kituoni na begi lake la kadi. Walisoma darasa moja na Sindano, na alikuja kwa sharti kwamba asikalishwe kwenye viti vya kituo, kwa sababu mara ya mwisho alichaniwa sketi.

Fundi aliletwa. Daktari alimwonyesha kadi ya kwanza, duara lililojaa nukta za rangi mbalimbali.

"Unaona namba gani?"

"Sioni kitu."

Ya pili. "Sioni." Ya tatu. "Sioni, daktari. Nimeshasema, ni kama baba." Jasho lilimtoka puani. Ya nne, ya tano, ya sita, jibu likawa lilelile, na Mkuu wa kituo, aliyesimama mlangoni akijipepea kwa faili la mashtaka, alizidi kutabasamu.

Ya saba daktari aliishikilia muda mrefu kidogo.

"Na hapa?"

"Hapa pia sioni kitu. Nukta tu."

"Una uhakika?"

"Naapa."

Daktari alirudisha kadi begini na kuomba Fundi apelekwe nje. Mlango ulipofungwa aliangua kicheko.

"Huyu bwana ana macho mazima kuliko yangu."

"Ameshindwa kadi zote saba!" Mkuu alikuja juu.

"Sita za kwanza, mtu mwenye macho mazima huona namba, asiyeona rangi haoni. Kwa hiyo ukitaka kudanganya unasema huoni. Lakini ya saba imetengenezwa kinyume. Wenye macho kama yako na yangu tunaona nukta tu. Wasioona kijani na nyekundu, wao ndio wengi wao huona namba pale, imewakalia wazi kabisa. Yeye hakujua. Kasema haoni kitu, na kwa kadi hiyo alikuwa anasema kweli."

Koplo aliachia mluzi. Sindano alikuwa ameshasimama, anazunguka meza, hawezi kutulia.

"Kadi moja hainitoshi mbele ya hakimu," Mkuu alinung'unika, ingawa faili lilikuwa limeacha kupepea. "Baba yake haoni rangi, hilo halipingiki. Mtoto wa kiume atarithi kwa nani kama si kwa baba?"

"Kwa mama," daktari alijibu.

"Mama?"

Daktari alichukua fomu tupu ya mashtaka, akaigeuza, akachora. "Sikilizeni, ni jambo la dakika mbili. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Mwanamume ana X moja na Y moja. Jeni ya upofu huu wa rangi inakaa kwenye X. Sasa Mzee amepata mtoto wa kiume. Amempa nini?"

"X?" koplo alijaribu.

"Angempa X angezaliwa msichana. Amempa Y. Ndiyo maana Fundi ni mwanamume. Hiyo X ya Mzee yenye kasoro haikumgusa Fundi hata kwa bahati mbaya. X ya Fundi imetoka kwa marehemu mama yake, na kwa ushahidi wa kadi zangu, ilitoka nzima."

"Basi kasoro ya Mzee imeishia kwake," Mkuu alisema.

"Nani kasema? Ana watoto wangapi?"

Sindano aliacha kuzunguka. "Wawili. Fundi na dada yake."

"Basi huyo dada anayo. Lazima. Kila binti wa Mzee anapewa X ileile, maana baba hana nyingine ya kumpa. Ila binti ana ya pili, nzima, kutoka kwa mama yake, nayo inamtosha. Anaona rangi zote, anachagua vitambaa, anaishi maisha yake yote na hajui amebeba kitu. Mpaka azae mtoto wa kiume." Daktari alichora mstari wa mwisho, akaurudia mara mbili. "Kila mtoto wa kiume anampa moja kati ya zile mbili. Nusu kwa nusu. Ikimwangukia yenye kasoro, basi, mtoto wa kiume hana X ya akiba ya kumfichia. Inamruka mwana, inapitia kwa binti, inatokea kwa mjukuu."

Koplo alipapasa upara wake.

"Daktari, na huu? Maana miaka yote namlaumu marehemu baba."

"Huo una mambo mengi, lakini sehemu kubwa yake nayo inakaa kwenye X. Kamwangalie mjomba wako."

"Mjomba wangu ana kichwa kama balbu," koplo alisema kwa huzuni.

Sindano hakucheka. Alikuwa ameshaona yote kwa mpigo mmoja: makopo, rafu, mchwa, na Fundi aliyelitazama lile boksi siku polisi walipolipeleka kiwandani na kujua papo hapo ni mkono wa nani ulioukosea ukanda. Hakuwa ameungama kosa lake mwenyewe. Alikuwa ameungama kwa ajili ya mtoto aliyemlea.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Kwa hiyo inawezekana Smati anaona vizuri kama sisi."

"Inawezekana. Hilo, karatasi yangu haiwezi kukwambia."

Sindano alitazama saa ya ukutani. Saa saba na dakika tano. Alichukua funguo za gari, koplo akamfuata.

*

Smati alikuwa amesharudi. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamfutia kiti kwa leso yake. Mzee alikuwa benchini kwake, mama yuko kaunta.

"Nina ombi dogo," Sindano alisema, akihema bado. "Mahakama inataka sampuli ya wino wa hapa, tulinganishe na boksi. Smati, nisaidie. Nipakie kijani kidogo kwenye karatasi hii, kwa kidole tu."

Mama aliacha kufuta kaunta.

"Hilo tu, afande?" Smati alikunja mkono wa shati vizuri ili asichafuke. Alikwenda kwenye rafu. Hakuchungulia, hakusita. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kopo la tatu kutoka kushoto, ukafunua, kidole kikazama, kikapita juu ya karatasi nyeupe mstari mmoja mnene. Akalirudisha kopo palepale, na akageuka akitabasamu.

Koplo alishusha pumzi kwa kelele.

"Kijani ya kiwanda," Smati alisema. "Haijabadilika tangu sijazaliwa."

Mzee alijivuta mbele, akakaza macho. "Hiyohiyo," alisema kwa fahari. "Unaona, mwanangu? Huyu ndiye mwenye adabu ya makopo. Nilimfundisha mimi, akiwa hivi."

Sindano aliinua karatasi, akaenda nayo kaunta taratibu, akaiweka mbele ya mama.

"Dada," alisema, "wewe unaona rangi. Ni rangi gani hii?"

Kilemba cha njano kiliinama. Yule mama aliitazama karatasi, akamtazama mwanawe, na Sindano alijua kwamba alikuwa amelijua jambo hili tangu asubuhi, na pengine tangu boksi la kwanza. Ni yeye aliyekuwa akiandika majina ya rangi kwenye penseli za mwanawe shule ya msingi, ili asichekwe akipaka majani rangi ya udongo. Miaka ishirini neno lake ndilo lililokuwa macho ya yule kijana. Akisema kijani, Smati ataamini. Mzee ataamini. Na saa nane kaka yake atasimama kizimbani.

"Mama, mwambie," Smati alisema, bado anatabasamu.

"Makopo niliyapanga mimi," mama alisema, na sauti yake ikakwaruza. "Mchwa walipokula rafu. Sikukumbuka mpango wa baba. Niliyaweka tu."

"Mama?"

"Ni kahawia, mwanangu."

Tabasamu lilibaki usoni kwa Smati kwa muda, halina kazi. Alikitazama kidole chake, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akikaza macho kama mtu anayesoma herufi ndogo.

"Unasema kweli?"

"Kahawia. Na yale maboksi yote ni kahawia."

Aliketi juu ya rundo la karatasi. Alizungumza haraka, kama mtu anayetua mzigo. Jumapili tatu, kiwanda kimefungwa. Mtu mmoja wa sokoni alimletea boksi la kuiga. Aliambiwa ni dawa iliyokosa vibali tu, dawa nzuri, na hakuuliza zaidi kwa sababu hakutaka kujua. Aliposikia kuna mtoto kalazwa alitaka kusema, ila mjomba akamwahi.

"Alinijia nyumbani alfajiri," Smati alisema. "Akaniambia nikae kimya, nimtunze mama."

"Mengine yako wapi?" Sindano aliuliza. "Na bamba la kuchapia?"

Smati alinyoosha kidole chake chenye wino kuelekea mlangoni.

"Babu ameyakalia."

Mzee alichelewa kuelewa. Kisha alishika fimbo, akainuka polepole, na koplo akafunua kifuniko cha benchi. Maboksi yalikuwa yamejaa humo mpaka juu, yamepangwa mistari iliyonyooka, na bamba la chuma limelazwa juu yake, limefungwa kwa gazeti. Mzee aliinama akachukua boksi moja. Aliutazama ukanda wake kwa karibu, akaligeuza, akalitazama tena.

"Mimi bado naona kijani," alisema.

Ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Sindano alipiga simu kituoni. Mkuu alikuwa ameshampakia Fundi kwenye gari. Alinguruma, akatukana, akasikiliza, na mwishowe akasema, "Mshusheni."

"Mpe Fundi simu kwanza," Sindano alisema, akamkabidhi mama simu.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Mwanawe alikuwa bado kwenye rundo la karatasi, koplo amesimama kando yake, pingu ziko mkononi lakini hajazifunga.

"Kaka," mama alisema.

Sauti ya Fundi ilisikika mpaka kaunta, kali, ya mtu aliyeharibiwa kazi yake. "Nani kawaambia? Dada, nani kawaambia hao watu?"

Mama alimtazama mwanawe.

"Mimi," alisema. "Nimewaambia mimi. Njoo nyumbani."